Mbona intaneti ipo lakini faili za afisi hazifunguki?

MALALAMIKO mawili husikika mara kwa mara katika afisi ndogo zenye tarakilishi tano au kumi hivi. La kwanza ni kwamba intaneti imepotea. La pili ni kwamba faili iliyofunguka jana bila matatizo kutoka tarakilishi ya mwenzako, leo imegoma. Aghalabu yote mawili hupewa dawa moja: ruta inazimwa, watu wanasubiri kidogo, kisha inawashwa tena. Mara nyingine dawa hiyo hufaulu, na kufaulu kwake ndiko kunakowafanya watu wasiulize ni nini kilichokuwa kimeharibika.

Lau malalamiko haya yangekuwa ya ugonjwa mmoja, dawa hiyo ingetosha. Hayako hivyo. Faili inayotoka kwa katibu kwenda kwa mhasibu haivuki kizingiti cha jengo. Hupita kwenye waya au kwenye mawimbi ya Wi-Fi hadi kwa ruta au swichi, kisha ikageuka na kuingia chumba cha pili. Ombi la kufungua tovuti hupitia ruta hiyo hiyo lakini halikomei hapo. Huendelea hadi kwa kampuni inayotoa huduma ya intaneti na, mara nyingi, hadi ng'ambo ya bahari. Safari ya kwanza yaweza kukatika ilhali ya pili ni nzima, na kinyume chake pia ni kweli. Ndiposa swali la kwanza, kabla ya mtu kugusa swichi ya umeme, linapaswa kuwa: ni safari ipi hasa iliyokatika?

Tuchukue mfano wa afisi ya shule ya sekondari ya kutwa, ya aina inayopatikana karibu kila kaunti. Mhasibu anatumia tarakilishi kuukuu ya mezani yenye mfumo endeshi wa Windows 7, kwa sababu programu ya kurekodi karo iliundiwa mfumo huo na hakuna aliyewahi kuibadilisha. Katibu ana Windows 10. Naibu wa mwalimu mkuu amenunuliwa kipakatalishi kipya chenye Windows 11. Mwalimu mkuu mwenyewe hubeba Mac, mashine ya kampuni ya Apple. Mwalimu wa somo la kompyuta, kama ilivyo desturi ya watu wa fani yake, ameiwekea tarakilishi yake Linux, mfumo usiolipiwa hata senti. Pembeni ipo mashine kubwa ya kunakili karatasi ambayo pia huchapisha na kupiga picha za stakabadhi. Juu ya hayo yote kuna rununu za walimu thelathini zinazong'ang'ania Wi-Fi hiyo hiyo.

Mchanganyiko kama huu si kosa la mtu yeyote. Kila kifaa kilinunuliwa mwaka wake, kwa bajeti ya mwaka huo. Hata vyumba vya habari vimeishi hivyo kwa miaka mingi: wanahabari wakiandikia kwenye Windows, wasanifu wa kurasa wakitumia Mac, na kila jioni makala yakihama kutoka upande mmoja hadi mwingine muda wa kufunga kurasa ukikaribia.

Wiki ya kufunga shule ndiyo hufichua udhaifu wa mpangilio huo. Alama za wanafunzi zimo katika folda moja kwenye tarakilishi ya katibu. Walimu wanazihitaji ili kujaza ripoti, mhasibu anataka orodha ya wenye malimbikizi ya karo, na wazazi wako njiani. Katika saa kama hizo mtu hukubali dawa yoyote atakayopewa, hata ile itakayoiacha shule wazi kwa wezi. Nitairejelea hatari hiyo baadaye, kwani ndiyo hasa iliyonisukuma kuandika makala haya.

Anzia karibu

Uchunguzi huanzia kwenye kiti ulichokalia. Je, ni tarakilishi moja iliyokwama au ni zote? Ikiwa ni moja, kampuni ya intaneti haina hatia, na yamkini ruta pia haina. Chunguza waya: je, umeingia hadi mwisho, au kile kidude cha plastiki kinachoushikilia kimevunjika na kuuacha ukilegea? Taa ndogo iliyo kando ya tundu la waya inapaswa kuwaka. Ikiwa imezima, hakuna haja ya kufungua mipangilio yoyote kabla ya kubadilisha waya. Kwa kipakatalishi, hakikisha Wi-Fi imewashwa na kwamba kimeungana na mtandao wa afisi, wala si wa jirani au wa simu ya mwalimu fulani.

Ikiwa ni zote, tazama swichi inayokusanya nyaya. Ipo hitilafu moja inayochekesha ikishajulikana. Mtu anayefagia hukuta waya ukining'inia, akauchomeka katika tundu tupu la swichi kwa nia njema, kumbe mwisho wake wa pili tayari umo katika swichi hiyo hiyo. Ujumbe huanza kuzunguka bila kikomo, taa zote zikametameta kama za matatu ya usiku, na afisi nzima ikakwama. Tiba ni kuuchomoa waya huo.

Baada ya waya ni anwani. Kila kifaa katika mtandao hupewa nambari, inayoitwa anwani ya IP, na mgawaji wake kwa kawaida ni ruta, mithili ya karani wa hospitali anayewapa wagonjwa vikaratasi vya nambari wanapoingia. Katika afisi ndogo, nambari hizo aghalabu huanza kwa 192.168. Kwenye Windows utaiona ukifungua dirisha la amri na kuandika ipconfig. Kwenye Mac imo katika mipangilio ya mtandao. Kwenye Linux andika ip a. Ukikuta nambari inayoanza kwa 169.254, umepata jibu muhimu: tarakilishi iliomba nambari, haikujibiwa, ikajitungia yake. Hapo tatizo liko baina yako na ruta, na kuizima na kuiwasha kwaweza kusaidia kweli.

Nambari ikiwa sawa, mpigie ruta hodi. Amri ya ping hufanya kazi hiyo: andika ping, kisha anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Ile amri ya ipconfig huionyesha kama lango la kutokea. Ruta ikijibu, toka nje ya jengo: andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya huduma ya majina ambayo Google iliianzisha mwaka 2009, na mafundi wameizoea kwa kuwa ni rahisi kukumbuka. Ikijibu ilhali tovuti hazifunguki kwa majina yake, basi intaneti ipo. Kinachokosekana ni daftari la kugeuza majina kuwa nambari, mfumo unaojulikana kama DNS. Ni sawa na mtu mwenye simu nzima na salio la kutosha, lakini amepoteza daftari alimoandika nambari za watu. Mpe daftari jingine: katika mipangilio ya ruta, weka 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya kampuni ya Cloudflare, badala ya ile iliyokwama.

Ruta ikijibu lakini 8.8.8.8 ikanyamazia kila tarakilishi, kosa limeshatoka nje ya ua wako. Pengine malipo ya mwezi yamekwisha, pengine waya wa mtaani umekatwa na wachimba barabara, pengine ni jambo kubwa zaidi. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini zinazoiunganisha Afrika Mashariki na ulimwengu, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kusuasua nchini Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku hiyo na zilizofuata, hakuna ruta ambayo ingeponywa kwa kuzimwa. Hata hivyo, na hili ndilo watu husahau, kuchapisha na kubadilishana faili ndani ya jengo hakukuhitaji nyaya hizo. Afisi iliyosimamisha kazi zote kwa sababu bahari ilikuwa na tatizo ilijifungia yenyewe, ila tu kama faili zake zote zilikuwa zimehifadhiwa ng'ambo.

Hapa pana mtego mmoja wa tarakilishi kuukuu. Ndani yake mna betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, inayoihifadhia saa umeme unapokatika. Betri hiyo ikifa, kila asubuhi mashine huamka ikidhani ingali katika mwaka ilipoundwa. Tovuti salama hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe. Mashine inayodhani ni mwaka 2009 huviona vyeti hivyo kuwa havijaanza kutumika, na kivinjari kikakataa karibu kila tovuti kwa onyo la kutisha. Mtumiaji hulalama kwamba intaneti imeharibika, ilhali jirani yake anaendelea na kazi. Kabla ya kumwita fundi, itazame tarehe pembeni mwa kioo.

Ruta mbili katika nyumba moja

Sasa tuje kwa faili. Hali inayotatanisha zaidi ni ile inayotajwa na kichwa cha makala haya: kila mtu ana intaneti, lakini wengine hawafikii tarakilishi za wenzao. Mara nyingi kiini chake ni ruta ya pili.

Tuseme shule iliona kwamba Wi-Fi haifiki chumba cha walimu, ikanunua ruta nyingine. Fundi akavuta waya kutoka ruta ya kwanza na kuuchomeka katika lile tundu la ruta mpya lililotengewa intaneti, lenye rangi tofauti na mengine. Ruta hiyo, kama ilivyoundwa kufanya, ikaanzisha mtandao wake yenyewe. Chumba cha walimu kikawa na nambari zinazoanza kwa 192.168.0 huku afisi ikibaki na 192.168.1. Intaneti inafika pande zote mbili, kwa hivyo hakuna anayeshuku lolote.

Lakini ruta ya pili ni kama ua wenye mlango unaofunguka upande mmoja. Aliye ndani anaweza kutoka akamfikia wa nje. Wa nje hawezi kuingia. Mwalimu aliye chumbani hufaulu kufungua folda ya katibu akiandika nambari yake, ingawa jina la tarakilishi hiyo halimtokei katika orodha. Katibu naye hawezi kamwe kufungua folda ya mwalimu. Kila mmoja huapa kwamba kwake mambo ni shwari, na wote wawili wanasema kweli. Nimewahi kusikia ugomvi wa namna hiyo ukichukua wiki nzima, watu wakibadilisha nywila na kuweka programu upya, ilhali kulinganisha nambari mbili kwenye karatasi kungeumaliza kwa dakika moja. Kwa kawaida, mafungu matatu ya mwanzo ya anwani yasipofanana, vifaa hivyo haviko katika mtandao mmoja.

Dawa ina sehemu mbili. Ingia kwanza katika mipangilio ya ruta ya pili, uipe anwani ambayo haigongani na ya ruta ya kwanza, kisha uizime kazi yake ya kugawa nambari. Baada ya hapo uhamishe ule waya kutoka tundu la intaneti hadi mojawapo ya matundu ya kawaida. Ukiuhamisha waya na kusahau kuzima ugawaji, utakuwa na makarani wawili wanaogawa vikaratasi mlangoni, na anayehudumiwa na karani wa pili huelekezwa kwenye lango lisiloenda kokote. Hapo ndipo huzaliwa yale malalamiko ya intaneti ya leo ipo, kesho haipo, na huwa vigumu kuyatatua kwa sababu hayamkumbi mtu yule yule kila siku.

Ndugu wa tatizo hili ni Wi-Fi ya wageni. Ruta nyingi hutoa mitandao miwili, na huo wa wageni umeundwa makusudi usiwafikishe kwenye vifaa vya ndani. Naibu aliyejiunga nao kwa kuwa nywila yake ni rahisi atapata intaneti tele na hatapata faili hata moja.

Mashine zisizoelewana

Ikiwa wote wako katika mtandao mmoja na bado faili zinagoma, itazame Windows inavyouchukulia mtandao huo. Mfumo huu huigawa mitandao mara mbili: ya umma, kama ya hoteli au mkahawa, ambako hujifungia, na ya faragha, ambako hukubali kuonekana na kugawana faili. Shule ikibadilisha ruta, Windows huuona mtandao kuwa mgeni na huenda ikauweka katika fungu la umma. Folda iliyofunguka kwa miaka mitatu basi hufungwa siku moja bila mtu kuigusa tarakilishi yenyewe. Kurekebisha ni kuingia katika mipangilio ya mtandao na kuchagua fungu la faragha.

Aidha, usiiamini kupita kiasi ile orodha ya tarakilishi ambayo Windows huonyesha. Utaratibu wa kale wa kuitayarisha orodha hiyo ulitegemea mambo ambayo yameondolewa katika matoleo mapya, hivyo kifaa chaweza kukosekana humo na bado kikafikika. Andika nambari moja kwa moja katika upau wa juu wa dirisha la faili: mikwaju miwili ya nyuma, kisha anwani, kwa mfano \\192.168.1.20. Kwenye Mac na Linux utaandika smb://192.168.1.20. Folda ikifunguka kwa nambari, ugawanaji wa faili hauna kasoro. Kilichokwama ni utambuzi wa majina tu. Ikiwa nayo nambari iliyofanya kazi jana imekufa leo, huenda umeme ulipotea usiku na ruta ikagawa nambari upya. Tarakilishi ya katibu na mashine ya kunakili zinafaa kutengewa nambari za kudumu ndani ya ruta, ili zisihamehame. Tukiwa hapo, kumbuka kwamba Windows nyingi zimefunzwa kutoitikia ping kutoka kwa tarakilishi nyingine. Kimya chake si ithibati kwamba haipo.

Kisha kuna suala la nywila, ambalo huwakera watu zaidi ya yote. Naibu huifungua tarakilishi yake kila siku kwa nambari nne za siri. Mwalimu mkuu anapojaribu kufikia folda iliyo katika tarakilishi hiyo, anaulizwa jina na nywila, anaandika zile nambari nne, anakataliwa. Kisa na maana, nambari hizo fupi hutumika mbele ya kifaa chenyewe pekee. Mtandaoni huhitajika nywila kamili ya akaunti, na iwapo akaunti ni ya Microsoft, jina lake ni anwani ya baruapepe. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo haikubaliwi na Windows kutoka mbali. Mac ina ukaidi wake: haitoshi kuwasha ugawanaji wa faili, sharti pia uiteue akaunti itakayotumiwa na watu wa Windows na kuiandika nywila yake kwa mara nyingine.

Yote hayo yakiwa sawa, huenda mashine hazizungumzi lugha moja. Tarakilishi hugawana faili kwa itifaki iitwayo SMB, na itifaki hiyo ina vizazi. Windows XP hukijua kizazi cha kwanza pekee. Cha pili kilikuja na Windows Vista, cha tatu kikaja na Windows 8 mwaka 2012. Apple ilikifanya kizazi cha pili kuwa njia ya kawaida ya Mac mwaka 2013, ikiiweka kando itifaki yake ya jadi. Linux hutumia Samba, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake limetokana na herufi hizo tatu wala halihusiani na ngoma ya Brazil.

Windows 7 ya mhasibu wetu inakijua kizazi cha pili, kwa hivyo lugha si tatizo lake. Taabu huletwa na vikongwe zaidi: tarakilishi ya XP iliyosahaulika maktabani, na ile mashine ya kunakili. Tangu mwishoni mwa 2017, Windows 10 zilizowekwa upya hazikuja tena na kizazi cha kwanza, na Windows 11 haina desturi ya kukiweka. Mashine ya kunakili ya mwaka 2010 inayojua kizazi hicho pekee hushindwa kutuma picha za stakabadhi kwenye folda siku ile katibu anapopewa tarakilishi mpya, na lawama humwangukia katibu. Windows 11 toleo la Pro la mwaka 2024 limeongeza masharti: halikubali kuingia kama mgeni katika folda zisizo na nywila, na hudai kila ujumbe utiwe sahihi ya utambulisho.

Dawa iliyo hatari kuliko ugonjwa

Ukimwita fundi wa haraka, utafanyiwa moja au yote ya mambo matatu: atakirudisha kizazi cha kwanza cha SMB, atazima fayawoli, yaani ukuta wa kinga wa tarakilishi, na ataifungua folda kwa kila mtu bila nywila. Yote matatu hufanya kazi. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu mteja humlipa fundi na kumshukuru.

Ijumaa ya Mei 12, 2017, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea duniani kupitia udhaifu uliokuwa katika kizazi hicho cha kwanza. Haikuhitaji mtu abofye kiungo au afungue baruapepe. Tarakilishi moja ikiambukizwa, ilibisha mlango wa kila jirani katika mtandao, na asiyekuwa na kinga aliingiliwa. Faili zilifungwa kwa fumbo, na mwenyewe akadaiwa dola 300 za Marekani kwa sarafu ya Bitcoin. Hospitali za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuuziba udhaifu huo tangu Machi mwaka huo, na wengi wa walioumia walikuwa wakitumia Windows 7 ambazo hazikuwa zimetiwa kiraka hicho. Windows 7 iliacha kupokea viraka vya kawaida Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafuata Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwa huduma ya nyongeza. Mhasibu na katibu wetu, kwa maneno mengine, ndio wanaostahili kulindwa zaidi.

Hatari ya pili haihitaji mhalifu wa ng'ambo. Folda iliyofunguliwa kwa kila mtu iko wazi kwa yeyote aliye katika Wi-Fi hiyo, na shuleni nywila ya Wi-Fi huwafikia wanafunzi kabla ya juma kwisha. Ndani ya folda hiyo mna mitihani ya muhula ambayo haijafanywa, alama zinazoweza kubadilishwa kimyakimya, barua za nidhamu, na nambari za simu za wazazi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haikuzisaza shule. Mnamo 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya zaidi ya Sh4.5 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Njia ya haki si ngumu; inahitaji tu alasiri moja isiyo na haraka. Kwenye tarakilishi ya katibu, kila anayehitaji folda afunguliwe akaunti yenye nywila. Mwalimu wa darasa aruhusiwe kuandika katika folda ya alama, mhasibu aruhusiwe kusoma tu, na folda ya mitihani ibaki kwa naibu na katibu. Ikumbukwe kwamba Windows ina malango mawili, ruhusa ya ugawanaji na ruhusa ya faili yenyewe, na lililo kali zaidi ndilo hushinda; wengi hufungua la kwanza wakashangaa mbona bado wanakataliwa. Rununu za walimu zihamishiwe Wi-Fi ya wageni. Kuzima fayawoli kwa dakika moja ili kujua kama ndiyo kizuizi ni uchunguzi, kuiacha imezimwa ni uzembe: ikithibitika kuwa ndiyo, iruhusiwe kupitisha faili katika mtandao wa faragha pekee. Mashine ya kunakili itafutiwe sasisho la mtengenezaji, na likikosekana, itume picha kwa baruapepe au izihifadhi katika kidude cha USB. Ile XP ya maktabani ichomolewe waya.

Kuhusu tarakilishi ya mhasibu, ushauri wa kununua mpya ni rahisi kutoa na mgumu kutekeleza pale programu ya karo inapoikataa Windows mpya. Hadi hapo itakapowezekana, haina kazi ya kufanya katika intaneti. Inyimwe lango la kutokea, ibaki kuzungumza na printa na tarakilishi ya katibu tu. Nakala ya rekodi zake iwekwe kila Ijumaa katika diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kufungiwa mahali pengine. Diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na wahalifu pamoja na nyingine zote.

Limebaki jambo dogo la majina ya faili, ambalo kwa mhariri haliwezi kupita hivi hivi. Mwalimu mkuu akiipa faili jina la "Je, karo imelipwa?" kwenye Mac yake, alama ya kuuliza haimsumbui. Windows hairuhusu alama hiyo, wala nukta mbili, nyota, mkwaju au alama za kunukuu, na katibu anaweza kukuta jina limevurugika au faili isiyofunguka. Linux nayo hutofautisha herufi kubwa na ndogo: "Alama" na "alama" ni faili mbili huko, ila kwa Windows ni jina moja, na ukizinakili katika folda moja, moja itataka kuifuta nyingine. Herufi za kawaida, tarakimu na vistari huvuka kila mpaka bila kusumbuliwa.

Kazi hii ikishafanywa, yafaa karatasi moja ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la ruta: anwani ya ruta, anwani ya kudumu ya tarakilishi ya katibu na ya mashine ya kunakili, nambari ya akaunti ya intaneti, tarehe ya malipo, na simu ya kampuni inayotoa huduma. Nywila zisiandikwe hapo. Hizo ni za bahasha iliyofungwa katika sefu ya mhasibu.